Kosa namba 28: historia fupi ya diski zinazojaa na seva zinazoanguka

Kwenye mfumo endeshi wa Unix kila kosa lina namba yake. Namba 2 maana yake faili halipo. Namba 13, huna ruhusa. Namba 28 inaitwa ENOSPC, na maelezo yake ni mafupi: hakuna nafasi iliyobaki kwenye kifaa. Namba hiyo ilikuwepo kwenye Unix ya miaka ya 1970, ipo kwenye Linux inayoendesha seva nyingi za leo, na ipo hata ndani ya simu yako ya Android. Tangu wakati huo diski zimekua mara mamilioni, lakini kosa liko palepale.

Ajabu ya kosa hili ni kwamba seva haizimiki. Inaendelea kusoma, ila haiwezi kuandika. Ukurasa wa mbele wa tovuti unafunguka vizuri tu, maana kuusoma hakuhitaji nafasi mpya. Mtu akijaribu kuingia kwenye akaunti yake, programu inataka kuandika faili dogo la kikao, inashindwa, inamrudisha mwanzo bila maelezo. Hifadhidata inakataa kupokea rekodi mpya. Na faili la logi, lile ambalo lingemweleza fundi kilichotokea, nalo haliandikiki. Yaani mgonjwa amepoteza sauti siku ileile aliyougua.

Swali letu leo ni la kihistoria: kama tatizo hili lina umri wa nusu karne, na dawa zake zinajulikana, kwa nini bado linaangusha hata kampuni kubwa kabisa duniani? Jibu linaanzia mbali kidogo.

Diski ya tani moja

Mwezi Septemba 1956 IBM ilitangaza kompyuta iitwayo RAMAC 305. Ndani yake kulikuwa na kifaa cha kuhifadhi data kilichoitwa IBM 350: sahani 50 za chuma, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, zikizunguka kwenye mhimili mmoja. Uzito wake ulikuwa kama tani moja. Kilibeba herufi milioni 5. Kwa hesabu ya leo hiyo ni karibu picha moja uliyopiga kwa simu.

Enzi hizo hakuna aliyehitaji kukumbushwa kwamba nafasi ni mali. Kila herufi ilihesabiwa. Tatizo la diski kujaa lilikuwepo, lakini lilionekana kwa macho na kwa bajeti.

Miaka ya mwanzo ya 1970, pale Bell Labs nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wanajenga Unix kwenye kompyuta za PDP-11. Programu za mfumo zilikaa kwenye diski moja ndogo. Mafaili ya watumiaji yalikaa kwenye diski nyingine, chini ya saraka iliyoitwa /usr, kifupisho cha neno la Kiingereza lenye maana ya mtumiaji. Mfumo ukakua, diski ya kwanza ikajaa. Wakafanya kile ambacho yeyote angefanya: wakahamishia programu nyingine upande wa pili, ndani ya /usr/bin. Baadaye watumiaji wenyewe wakatafutiwa makao mapya, ila jina likabaki.

Kama umewahi kujiuliza kwa nini Linux ilikuwa na programu nyingine kwenye /bin na nyingine kwenye /usr/bin, kumbe sababu yake ni diski iliyojaa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Fedora ilikuja kuziunganisha saraka hizo mwaka 2012. Miaka kama 40 ya vizazi vya wahandisi kubishana kipi kikae wapi, chanzo chake ni hitaji la megabaiti chache.

Berkeley: nafasi tupu nayo ina kazi

Dawa ya kwanza ya maana ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Marshall Kirk McKusick na wenzake Bill Joy, Samuel Leffler na Robert Fabry waliandika upya namna Unix inavyopanga mafaili kwenye diski. Makala yao ilichapishwa mwaka 1984, lakini kazi yenyewe ilikuwa imeshaingia kwenye toleo la 4.2BSD la mwaka 1983.

Walikuwa wameona jambo la kushangaza. Mfumo wa zamani ukiwa mpya uliweza kusoma faili kwa kasi ya kilobaiti 175 kwa sekunde. Baada ya wiki chache za matumizi ya kawaida, kasi ilishuka hadi kilobaiti 30. Diski ileile, kompyuta ileile. Tofauti ni kwamba vipande vya mafaili vilikuwa vimetawanyika huku na kule, na kichwa cha kusomea kilitumia muda wake mwingi kukimbia kutoka kipande kimoja kwenda kingine.

Ili mfumo uweze kuweka vipande vya faili moja karibukaribu, lazima uwe na pa kuchagua. Diski ikikaribia kujaa, hakuna tena kuchagua. Unaweka popote palipobaki. Kwa hiyo wakaamua kutenga sehemu ya diski ambayo mtumiaji wa kawaida hawezi kuigusa, kwa kawaida asilimia 10. Nafasi ikishuka hadi hapo, watumiaji wote wanaambiwa diski imejaa, na msimamizi wa mfumo peke yake ndiye anayeweza kuendelea kuandika.

Uamuzi huo ulikuwa na faida mbili kwa mpigo. Kasi ilibaki nzuri, na siku ya matatizo msimamizi alikuwa na mahali pa kusimama akafanya usafi. Ndiyo maana kwenye mifumo ya BSD unaweza kuona ripoti inayosema diski imejaa asilimia 111. Si kosa la hesabu. Ile asilimia 90 wanayoruhusiwa watumiaji huhesabiwa kuwa ndiyo 100 kamili, kwa hiyo msimamizi akila na akiba yote, 100 kugawanya kwa 90 inakupa 111.

Linux ilirithi wazo hilohilo. Mfumo wa mafaili wa ext2, uliotoka mwaka 1993, hutenga asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi, na ext4 ya leo bado inafanya hivyo usipoibadilisha. Wengi wakiona gigabaiti zimepotea bila maelezo wanadhani wameibiwa. Hawajaibiwa, wamewekewa akiba na watu ambao hawakuwahi kuonana nao.

Dawa ya pili iliingia kwenye 4.2BSD hiyohiyo, lakini asili yake ni Australia: mgao. Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne alitengeneza utaratibu wa kumwekea kila mtumiaji mipaka miwili. Mpaka laini ukiuvuka unaonywa na kupewa muda wa kujirekebisha. Mpaka mgumu huvuki kabisa. Kwenye chuo ambako mamia ya wanafunzi wanatumia kompyuta moja, hili lilikuwa jambo la amani: uzembe wa mmoja haukuzuia kazi za wengine.

Kibaba cha logi

Miaka ya 1980 mdudu mwingine alizaliwa, naye ni logi. Eric Allman, pia wa Berkeley, alitengeneza syslog kama sehemu ya programu yake ya barua pepe ya Sendmail, ili programu zipate mahali pamoja pa kuandika taarifa zao. Kisha ikaja tovuti. Seva ya NCSA ya mwaka 1993, na Apache iliyoifuata mwaka 1995, ziliandika mstari mmoja kwa kila ombi: nani ameomba, lini, ukurasa gani, na amejibiwa nini.

Haba na haba hujaza kibaba. Hebu tupige hesabu. Chukua mstari mmoja una baiti 200, na tovuti inapokea maombi 50 kwa sekunde. Hizo ni baiti 10,000 kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo unapata megabaiti 864 kwa siku. Kama umekodi seva ndogo yenye diski ya gigabaiti 20, logi peke yake itaimaliza kwa siku 23 tu, na hapo hatujahesabu mfumo endeshi, picha wala hifadhidata.

Dawa ya tatu ikawa kuzungusha logi. Programu ya logrotate, iliyotoka Red Hat miaka ya 1990, hufanya kazi rahisi: inalipa faili la jana jina jingine, inalibana liwe dogo, inafungua jipya, na lililozeeka inalifuta. Seva nyingi za Linux zinayo. Lakini kuwa nayo si sawa na kuiwekea mipangilio inayokufaa. Ukiiambia izungushe kila wiki, halafu kosa kwenye programu yako likaanza kuandika gigabaiti moja kwa saa, Jumatano utakuwa umeshaanguka. Ndiyo maana ni vizuri kuweka kikomo cha ukubwa pamoja na kikomo cha siku, na kuifanya ikague mara nyingi zaidi ya mara moja kwa siku.

Hapa pia kuna mtego unaowapata wengi. Umekuta diski imejaa, umelifuta faili la logi la gigabaiti 15, unaangalia tena: nafasi haijarudi hata kidogo. Kwenye Unix, jina la faili na faili lenyewe ni vitu viwili tofauti. Ukifuta, unaondoa jina. Data inabaki kwenye diski mpaka programu ya mwisho iliyolifungua iliachie. Seva ya tovuti bado inaandika ndani ya faili lisilo na jina, na wewe huwezi hata kuliona kwenye orodha. Amri ya du, inayohesabu mafaili yenye majina, itasema diski ni nyepesi. Amri ya df, inayouliza mfumo wa mafaili wenyewe, itasema imejaa. Zote mbili ni za kweli. Dawa ni kuiagiza programu ifungue logi upya, na ndiyo kazi ambayo logrotate iliyopangwa vizuri hukufanyia.

Somo kutoka Mars

Nafasi haiishi kwa baiti peke yake. Inaweza kuisha kwa idadi.

Gari la NASA liitwalo Spirit lilitua kwenye Mars mwanzoni mwa Januari 2004. Tarehe 21 mwezi huohuo lilinyamaza. Wahandisi waligundua kwamba kompyuta yake ilikuwa inajiwasha upya tena na tena, mara zaidi ya 60. Chanzo kilikuwa mafaili mengi mno kwenye kumbukumbu ya flashi, yakiwemo yaliyokusanyika wakati wa safari ya miezi saba kutoka duniani. Kila ilipowaka, kompyuta ilijaribu kupakia orodha ya mafaili yote hayo kwenye kumbukumbu ya kufanyia kazi. Orodha haikutosha, kompyuta ikaanguka, ikawaka, ikajaribu tena.

Walichofanya ni kuiagiza iwake bila kuigusa flashi, kisha wakafuta mafaili yasiyohitajika na baadaye wakaipangilia flashi upya. Spirit, iliyopangiwa siku 90 za kazi, iliendelea kuwasiliana na dunia hadi Machi 2010.

Kwenye seva ya tovuti jambo hilo lina ndugu yake. Mfumo wa ext4 huamua idadi ya juu ya mafaili siku unapoandaliwa, kwa kutenga kadi za utambulisho ziitwazo inodi. Kila faili linachukua kadi moja, liwe la baiti 10 au la gigabaiti 10. Tovuti inayotengeneza faili dogo la kikao kwa kila mgeni bila kufuta ya zamani inaweza kumaliza kadi zote huku asilimia 40 ya diski ikiwa tupu. Fundi anaandika df -h, anaona nafasi tele, na bado anapata kosa namba 28. Anapaswa kuandika df -i.

Jina lililogharimu data

Mwaka 2017 hifadhidata ya PostgreSQL ilifanya badiliko linaloonekana dogo. Kwenye toleo la 10, saraka iliyoitwa pg_xlog ikapewa jina jipya, pg_wal. Kwa nini wahandisi wasumbue watu kwa kubadilisha jina lililozoeleka?

Kwa sababu ya diski zilizojaa. Saraka hiyo huhifadhi kumbukumbu za mabadiliko ambazo hifadhidata inazitegemea ili isimame tena baada ya kuanguka. Lakini ndani ya jina lake kulikuwa na neno log. Basi mtu anaamshwa usiku, diski imejaa, presha imepanda, anatafuta vya kufuta, anakutana na saraka kubwa inayosema log, anaifuta. Nafasi imepatikana, hifadhidata imeharibika. Wahandisi walikubali kwamba onyo kwenye kitabu cha maelekezo halimfikii mtu aliye kwenye hali hiyo, ila jina linamfikia.

Sisi tunaona huu ni mmoja wa uamuzi wenye hekima zaidi kwenye historia yote hii. Unakiri kwamba diski itajaa usiku, mbele ya mtu aliyechoka, na mfumo uandaliwe kwa ajili ya mtu huyo.

Dawa inapogeuka ugonjwa

Tarehe 14 Desemba 2020, saa 8:46 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, watu duniani kote walishindwa kuingia Gmail, YouTube na huduma nyingine za Google. Ilidumu dakika 47. Kwa maelezo ya Google yenyewe, chanzo kilikuwa mgao. Huduma inayotunza utambulisho wa watumiaji ilikuwa imehamishiwa kwenye mfumo mpya wa kusimamia migao, lakini vipande vya mfumo wa zamani vilibaki na kuripoti kwamba huduma hiyo inatumia sifuri. Muda wa hisani ulipokwisha, mfumo ukapunguza mgao wake, na hifadhidata ya akaunti ikashindwa kuandika. Diski zilikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuzitumia. Wazo lilelile la Melbourne, lililobuniwa kuwalinda wengi dhidi ya mmoja, lilimfungia nje kila mtu.

Kisha Toyota. Tarehe 29 Agosti 2023 viwanda vyake vyote 14 vya kuunda magari nchini Japani vilisimama. Watu walihisi wadukuzi. Baadaye kampuni ikaeleza: tarehe 27 kulikuwa na matengenezo ya kawaida kwenye seva zinazoshughulikia maagizo ya vipuri. Mafundi walikuwa wanafuta na kupanga data iliyojikusanya kwenye hifadhidata. Katikati ya kazi hiyo nafasi ya diski ikaisha, mfumo ukasimama. Seva za akiba zilikuwa kwenye mfumo uleule, zikapata tatizo lilelile, kwa hiyo hapakuwa na pa kuhamia. Waliokoka kwa kuhamishia data kwenye seva yenye nafasi kubwa zaidi.

Kampuni iliyofundisha dunia kuleta kipuri kiwandani saa kinapohitajika, bila kurundika stoo, ilisimamishwa na kukosa nafasi ya stoo kwenye kompyuta. Na cha kuzingatia zaidi: usafi wenyewe unahitaji nafasi. Hifadhidata nyingi, zikipanga upya jedwali kubwa, huandika nakala mpya kwanza ndipo zifute ya zamani. Ukisubiri diski ifike asilimia 95 ndipo uanze kufagia, unaweza ukakosa pa kushikia fagio.

Historia inatuambia nini sisi wenye seva ndogo

Hatuna viwanda 14. Lakini mfumo wa usajili wa chuo, wa zahanati au wa SACCO, mara nyingi unakaa kwenye seva moja ya bei nafuu, na siku ya mwisho ya usajili ndiyo siku logi zinapovimba kuliko siku zote. Anayeumia ni mwanafunzi aliyepanga foleni cybercafé akiwa na pesa ya nusu saa.

Kila dawa tuliyoiona imeachia somo. Logi zikae kwenye kizigeu chake, zisiweze kuiua hifadhidata. Logi za kontena za Docker ziwekewe kikomo, maana kwa kawaida hazizungushwi zenyewe. Ile asilimia 5 ya akiba usiiondoe ili upate nafasi ya kuweka picha. Wengine huweka faili kubwa lisilo na kazi, gigabaiti 2 hivi, ili siku ya dharura walifute wapate pa kupumulia. Ni mbinu ya kizamani na inafanya kazi. Nakala rudufu isikae mahali ambapo kujaa kwa seva moja kunaijaza na nyingine. Na mafaili ya hifadhidata usiyafute kwa mkono, hata yakiwa na jina gani.

La mwisho ndilo gumu kuliko yote: kufuatilia. Mali bila daftari huisha bila habari. Kuambiwa diski imefika asilimia 80 hakutoshi, kwa sababu asilimia 80 iliyokaa mwaka mzima si sawa na asilimia 60 iliyokuwa 30 jana. Jiulize diski inakua kwa kasi gani, na zimebaki siku ngapi. Logi yetu ya megabaiti 864 kwa siku ilikupa siku 23. Ukijua hivyo tarehe 1, una muda wa kutosha wa kufanya kazi mchana, ukiwa umekula na akili imetulia. Usipojua, utaijua tarehe 24 usiku.

Ukipata dakika mbili leo, ingia kwenye seva unayoisimamia, andika df -h, kisha df -i. Andika namba hizo mahali. Wiki ijayo rudia, uzitoe moja kwa nyingine.